Nani Anampa Mtoto Jina?

Andiko la kusoma: Luka 1:57–66. Soma pia Mwanzo 21:1–7 na 2 Samweli 18:18.



Wiki chache zilizopita mama mmoja kijana alinisubiri nje baada ya ibada ya pili. Mtoto alikuwa mgongoni, msichana wa wiki sita. Hakutaka tuingie ofisini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nataka mniombee huyu mtoto. Ameitwa."

Mgeni hapa Kaptagat angeuliza, ameitwa na nani? Lakini sisi tuliozaliwa Keiyo na Nandi tunajua. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kumsaidia baada ya kujifungua. Usiku mmoja, mama akiwa amelala, kogo alimpakata mtoto karibu na moto akaanza kutaja majina ya watu wa boma hilo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, polepole. Alipofika jina fulani mtoto akapiga chafya. Asubuhi kogo akasema, "Amekuja." Tangu siku hiyo anamwita mtoto kwa jina hilo.

Huyu mama hajalala vizuri tena. Kila mtoto akipiga chafya, anashtuka. Alitaka mambo mawili: tuombe jina hilo liondoke, na Jumapili ya kuwaweka watoto wakfu tusome mbele ya kanisa jina lile tu alilochagua yeye, la Kiingereza. Nikamuuliza, baba ya mtoto anasema nini? Akasema, "Amenyamaza kama Zakaria." Tukacheka kidogo. Lakini Zakaria alifungwa kinywa na malaika. Huyu ndugu yetu amefungwa na kuogopa mama yake upande mmoja na bibi yake upande wa pili.

Na kogo mwenyewe ni mshirika wetu. Wengi wenu mmeketi naye. Wote wamenikubalia niandike, mradi nisitaje majina, kwa sababu wanajua si wao peke yao.

Sasa fungua Luka 1:59. Siku ya nane majirani na jamaa wamekusanyika, na tayari wameshaamua. Mtoto ataitwa Zakaria, jina la baba yake. Elisabeti anakataa. Wanamjibu kwamba katika jamaa yake hakuna mtu mwenye jina hilo la Yohana. Hawamwamini mama, wanamgeukia baba kwa ishara. Baba anaomba kibao, anaandika, na wote wanashangaa. Wewe ukisoma hapo utafikiri ni mkutano wa ukoo huku Kaptagat, chai iko kwa thermos na shangazi wawili wamekasirika.

Tunahubiri andiko hili kila mwaka karibu na Krismasi, na kwa kawaida tunakimbilia muujiza wa Zakaria kufunguliwa ulimi. Mimi nataka tukae kidogo kwa wale jamaa. Walikuwa na desturi, na desturi yao haikuwa mbaya. Angalia ukoo wa Bwana Yesu katika Luka 3. Mstari wa 24 kuna Mathati mwana wa Lawi. Shuka mpaka mstari wa 29: Mathati mwana wa Lawi tena, watu wengine kabisa, vizazi vingi kabla yao. Yusufu naye anarudi mara kadhaa. Jina lilizunguka ndani ya jamaa, kama kwa ndugu zetu Wakikuyu ambao mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao.

Lakini rudi nyuma, Mwanzo. Je, Ibrahimu alimpa mwanawe jina la Tera, baba yake? Hapana. Isaka aliitwa hivyo kwa sababu ya kicheko. Yakobo alizaliwa ameshika kisigino cha ndugu yake. Raheli akiwa anakufa alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, naye Yakobo akambadilishia akawa Benyamini (Mwanzo 35:18). Yabesi alipewa jina la maumivu ya mama yake (1 Mambo ya Nyakati 4:9). Huko mwanzo jina lilitoka kwa kile kilichotokea siku ya kuzaliwa. Kufikia siku za Elisabeti, linatoka kwa babu. Yaani ndani ya watu walewale wa Mungu, ndani ya Biblia hiyohiyo, desturi ya majina ilibadilika, na sijaona mahali Mungu alipowagombeza, si kwa ile ya kwanza wala kwa ile ya pili.

Watu wa Mwanzo wangeelewana sana na kogo zetu. Sisi Wakalenjin tuna jina tunaloliita kainetab musarek, jina la uji. Hilo linasema mtoto alikuja saa gani, na nyumbani kulikuwa na nini. Kibet au Chebet, mchana. Kipkemboi, usiku. Kipkoech au Chepkoech, kunapopambazuka. Kiprotich au Cherotich, ng'ombe wakirudi boma. Kiprop au Cherop, mvua ikinyesha. Kiptoo au Cheptoo, kulikuwa na wageni. Ni shajara ya nyumba, imeandikwa juu ya watoto. Jirani Mbukusu akizaa wakati wa mvua anasema Wafula au Nafula, Mjaluo anasema Okoth au Akoth. Mvua ni moja. Tuna familia hapa kanisani, baba Mkeiyo na mama Mbukusu, ambao walibishana wiki nzima kumbe jina walilotaka wote wawili ni lilelile kwa lugha mbili.

Jina la pili ni lile la kuitwa, kurenet. Hilo ndilo lililotokea usiku ule kando ya moto. Majina ya waliokufa yanatajwa, wakati mwingine zamani kwa ugoro kidogo karibu na pua, na chafya inachukuliwa kuwa jibu. Nitalirudia hili, msiwe na haraka.

Kisha kwa wanaume lilikuja jina la ukubwani. Kijana akitoka jando anaacha kuitwa kitoto na anakuwa arap fulani, mwana wa fulani. Rais wetu wa pili alizaliwa Baringo mwaka 1924, akaitwa Toroitich, jina la kupokea ng'ombe wakifika nyumbani. Baba yake alikuwa Kimoi, kwa hivyo akawa arap Moi. Wamisionari wa AIM walipombatiza akawa Daniel. Hesabu mwenyewe: Daniel Toroitich arap Moi. Kanisa, ng'ombe na baba, vyote katika mtu mmoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Kwa bahati mbaya si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Wahubiri wengi wa mwanzo, wazungu na hata wetu wenyewe waliowafuata, waliwaambia watu kwamba jina la nyumbani ni la giza na jina la Kikristo ndilo la mbinguni. Na sisi Wapentekoste tusijifanye hatukuwepo. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilikuwa nikisoma fomu za watoto mbele ya madhabahu naruka jina la katikati. Nasoma Mercy, naruka, nasoma jina la baba. Hakuna aliyeniambia niruke. Nilifikiri ni kiroho zaidi.

Lakini hebu tuulize, jina la Kikristo ni lipi? Paulo alikuwa na mtenda kazi mwenzake anayeitwa Epafrodito (Wafilipi 2:25), na jina hilo limetokana na Afrodito, mungu wa kike wa Wagiriki. Apolo, yule mhubiri hodari wa Matendo 18, ana jina la ukoo mmoja na mungu Apolo. Herme wa Warumi 16:14 ana jina la mungu wao wa njia na biashara. Dionisio aliokoka pale Athene (Matendo 17:34), na jina lake ni la mungu wa divai. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa abadilishe. Na kwa wale wenye kijana nyumbani anayeitwa Dennis: hilo ni lile la Dionisio, limepitia Ufaransa na Uingereza likafika Kaptagat. Martin linatokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Kelvin ni mto unaopita Glasgow huko Scotland. Sisemi mbadilishe, tafadhali msinipigie simu. Nasema tu kwamba tumewaita Kiprop wapagani huku tukimbeba mungu wa divai mpaka kwenye cheti cha ubatizo.

Mahali pamoja ambapo Biblia inaonyesha jina kubadilishwa kwa nguvu, aliyebadilisha ni Babeli. Danieli 1:7, vijana wanne wa Yuda walipewa majina ya huko na mkuu wa matowashi. Danieli alikula mboga zake, akafanya kazi ya mfalme, akaitikia Belteshaza alipoitwa. Lakini akiandika habari zake mwenyewe anasema, mimi Danieli.

Baada ya wahubiri ikaja karatasi, na mimi naamini karatasi imebadilisha majina yetu kuliko mahubiri. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wakaanza kuvaa kipande shingoni. Kipande hakitaki mtu mwenye jina la uji utotoni na arap ukubwani. Kinataka jina moja lisilobadilika. Ikafuata cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti. Jina la baba likageuka kuwa jina la nyumba nzima. Ndiyo maana leo bingwa wetu wa mita 1500 anaitwa Faith Chepngetich Kipyegon. Chepngetich ni lake, la msichana. Kipyegon lina Kip-, ya wanaume. Kogo wa zamani angecheka, msichana gani ana Kip-? Na wageni nao wakaongeza yao. Kipchoge Keino aliposhinda dhahabu Mexico mwaka 1968, magazeti ya nje yalimwita Kip Keino mpaka leo. Kip peke yake si jina. Ni kama kumwita mtu "Wa".

Jirani yetu Eliud Kipchoge, ambaye tumemwona miaka mingi akikimbia barabara hizi za msitu, ana mchanganyiko mzuri. Eliudi yuko Mathayo 1:14, katika ukoo wa Yesu, ingawa watu wengi hupita pale bila kumwona. Kipchoge ni Kip- na choge, ghala la nafaka. Ukoo wa Masihi na ghala la mahindi. Nani atasema moja ni takatifu na lingine si takatifu?

Na leo? Leo mama anajifungulia Eldoret saa tisa usiku chini ya taa za umeme, na kogo anapiga simu kuuliza, kulikuwa na mvua? Ng'ombe walikuwa wapi? Mama anaangalia dirishani, haoni ng'ombe yeyote, anaona maegesho ya magari. Vijana wetu wanachagua jina kwa simu. Wengine wanachukua Kiplagat kwa sababu linasikika vizuri, na mtoto amezaliwa saa nne asubuhi. Wengine wanaweka majina mawili ya Kiingereza na kumaliza na la baba, basi. Wengine wanatafuta jina la unabii, Favour, Jabez, Shalom. Mimi sina shida na Shalom. Yabesi nalo ni jina la huzuni, wanaolichagua wasome sura yote. Lakini shida si hiyo.

Turudi kwa yule mtoto wa wiki sita.

Neno la Mungu liko wazi kuhusu kuwauliza waliokufa. Soma Kumbukumbu la Torati 18:10–12 na Isaya 8:19. Sauli hakukosea kumkumbuka Samweli. Alikosea alipokwenda Endori usiku kumuuliza (1 Samweli 28). Kutaja jina la bibi yako kwa shukrani si uchawi. Kumkalisha mtoto magotini na kungoja marehemu ajibu kwa chafya, hiyo ni kuuliza, na sisi tuliokombolewa hatuna ruhusa. Hapo sikumzunguka kogo. Nilimwambia hivyo uso kwa uso.

Lakini nilikwenda kwake kabla ya kuomba chochote, na nashukuru Mungu nilikwenda. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamuuliza, kogo, yule uliyemwita alikuwa nani? Akasema alikuwa mama mkwe wake. Aliolewa akiwa msichana mdogo, hajui kitu, na yule mama hakumpiga hata siku moja. Alimfundisha kusafisha kibuyu cha mursik. Alikaa naye usiku wote mtoto wake wa kwanza alipokufa. Kisha akaniambia hivi, na sijaweza kulisahau: "Majina ya wanaume yako kwa kitambulisho. Mume wangu amekufa lakini jina lake linasomwa shuleni kila asubuhi, watoto wakiitwa. Jina la huyu mama liko wapi? Nikifa mimi, hakuna mtu atalisema tena."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimsomea 2 Samweli 18:18, jinsi Absalomu alivyojisimamishia nguzo akisema hana mwana wa kulikumbusha jina lake. Kogo akacheka. "Huyo alijijengea jiwe. Mimi nilitaka mtoto."

Kisha akaniuliza swali lake. Siku alipobatizwa, mhubiri mmoja alimwambia jina lake la nyumbani haliwezi kuingia mbinguni, akapewa jingine ambalo mpaka leo hajui maana yake. "Wakati huo mlimuuliza nani?" Wapendwa, niliomba msamaha kwa niaba ya kanisa. Si mhubiri wa hapa kwetu, lakini nilikumbuka fomu nilizokuwa nikiruka.

Nikamwonyesha 2 Timotheo 1:5. Paulo anakumbuka imani ya Timotheo, na hapo hapo anamtaja nyanya yake kwa jina, Loisi, na mama yake Eunike. Jina la baba ya Timotheo halipo popote katika Biblia. La nyanya lipo. Kogo alinifanya nilisome mara tatu. Hakuna aliyemwita Loisi kwa chafya, wala Timotheo hakupewa jina lake. Alisimuliwa tu, na mpaka leo tunamjua.

Siku mbili baadaye tuliketi wote sebuleni kwa yule mama kijana. Sitaki mfikiri ilikuwa rahisi. Mama alilia, kogo alinyamaza muda mrefu sana, na chai ikapoa. Mama alisema jambo ambalo kogo hakuwa amelifikiria: "Ukisema amekuja, mimi nimezaa nani? Mtoto wangu ni nani?" Nafikiri hilo ndilo lililomgusa mzee kuliko mistari yangu yote. Kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya mtoto ni kumnyang'anya huyu mtoto mwanzo wake. Mungu alimuumba huyu, hakumtuma tena yule (Zaburi 139:13–16).

Kogo alikubali kuacha kusema amekuja. Mama alikubali kwamba mtoto apate pia jina la uji, la saa yake mwenyewe, mchana, na kwamba Jumapili ya wakfu kogo asimame mbele ya kanisa kwa dakika mbili aseme yule mama mkwe alikuwa nani. Kisha tukamwombea mtoto, kwa jina la Yesu, kwamba hakuna roho wala desturi yenye haki juu yake. Tuliomba bila kelele. Kogo alisema Amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Fomu ililetwa Jumatano, imejazwa kwa mwandiko wa baba. Nyumbani bado hawamwiti kwa jina moja, mama ana lake na kogo ana lake, lakini la kogo sasa ni lile la mchana.

Jambo moja la haraka kwa akina mama wanaolea peke yao, kwa sababu wawili wameniuliza kama wanaweza kuleta watoto. Zamani vyeti vingi vilijazwa alama za X mahali pa baba. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu kilichoruhusu hayo kinakwenda kinyume na Katiba, na Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa. Kabla ya mahakama yoyote, malaika alimpa jina mtoto wa Hajiri kule jangwani, wakati mama alikuwa peke yake na hakuna mtu wa ukoo aliyekuwa upande wake (Mwanzo 16:11). Leteni watoto.

Kwa wote wenye watoto wa kuwekwa wakfu mwezi huu: fomu ziko kwa katibu, zirudishwe kabla ya Ijumaa. Andika majina yote, usiache la katikati, na nyuma ya karatasi andika kila jina lina maana gani na nani alilichagua. Nitayasoma yote.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

Jina lako la nyumbani lina maana gani, na nani alikupa? Kama hujui, nani bado yuko hai wa kumuuliza?

Kwa nini jamaa za Elisabeti walimgeukia baba badala ya kumsikiliza mama? Ni nani asiyesikilizwa nyumbani kwenu mtoto anapopewa jina?

Taja mwanamke mmoja wa ukoo wako ambaye jina lake haliko kwenye kitambulisho cha mtu yeyote. Waambie wenzako alikuwa nani.